Urafiki na Kanuni za Utanzu: Detection Club ya London na Riwaya ya Upelelezi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuijadili riwaya ya upelelezi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuihesabu kuwa fasihi pendwa, yaani kazi inayoandikwa kwa kufuata fomula ili iuzwe upesi. Njia ya pili ni kumtazama mwandishi mmoja mmoja na kueleza amemwiga nani. Njia zote mbili zina manufaa yake, lakini zinaacha nje jambo la msingi: waandishi wa utanzu huu, pengine kuliko wa tanzu nyingine nyingi, wamekuwa wakisomana, wakialikana, wakitaniana na hata kuandika pamoja. Fomula inayolaumiwa na wahakiki ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita mezani, baina ya watu waliopendana kwa sababu walipenda kitu kimoja.

Makala haya yanaichunguza hoja hiyo kwa kutumia mfano mmoja, nao ni Detection Club, chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi kilichoundwa London mwaka 1930. Tutajaribu kuonyesha kwamba kanuni zilizotawala riwaya ya upelelezi ya Uingereza wakati huo hueleweka vizuri zaidi zikichukuliwa kuwa masharti ya mchezo wa marafiki, na kwamba msomaji naye alikaribishwa katika mchezo huo kama mwenzi. Tutaanza na chimbuko la chama, kisha tutaangalia kiapo chake kwa jicho la isimu, kazi zilizoandikwa kwa ushirikiano, na mipaka ya urafiki wenyewe. Mwishoni tutagusa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambaye kwa njia yake mwenyewe aliingia katika mazungumzo hayo hayo.

2.0 Chimbuko: Urafiki Kabla ya Chama

Urafiki ulitangulia chama kwa miaka mingi. E. C. Bentley na G. K. Chesterton walijuana tangu wakiwa wanafunzi katika shule ya St Paul's, London. Huko Bentley alibuni umbo la shairi fupi la kuchekesha la mistari minne, ambalo baadaye lilipewa jina lake la kati, Clerihew. Alipoyachapisha mashairi hayo katika kitabu mwaka 1905, picha zilichorwa na Chesterton. Mwaka 1908 Chesterton alimtabaruku Bentley riwaya yake The Man Who Was Thursday. Mwaka 1913 Bentley alilipa deni hilo kwa kumtabaruku Chesterton riwaya yake ya upelelezi, Trent's Last Case.

Tabaruku hizo mbili zina uzito wa kihistoria. Bentley alikusudia kuikejeli tabia ya wapelelezi wa vitabuni kutokosea kamwe. Mpelelezi wake anakusanya ushahidi kwa makini, anajenga hoja isiyo na ufa, kisha inadhihirika kwamba hoja hiyo si sahihi. Kejeli iliyoanza kama mzaha wa marafiki wawili ikawa mojawapo ya misingi ya riwaya ya upelelezi ya karne ya 20, kwani waliofuata walijifunza humo kwamba suluhisho la kwanza, hata likipendeza namna gani, linaweza kupinduliwa.

Shauku nyingine ya pamoja ilikuwa Sherlock Holmes. Mwaka 1911 Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padri wa Kikatoliki, aliwasomea wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford makala ya mzaha iliyozichambua hadithi za Holmes kwa mbinu zile zile zilizotumiwa na wataalamu wa maandiko matakatifu. Arthur Conan Doyle mwenyewe alimwandikia Knox kuhusu makala hiyo. Hapa tunaona jambo ambalo litajirudia: upenzi uliopita kiasi ukijificha nyuma ya mzaha, na mzaha huo ukizaa uhakiki wa kweli.

Aliyewakusanya watu wa namna hii pamoja ni Anthony Berkeley Cox, aliyeandika kwa majina ya Anthony Berkeley na Francis Iles. Kuanzia mwaka 1928 hivi alikuwa akiwaalika waandishi wenzake kwa chakula cha jioni ili wazungumze juu ya kazi yao. Mwaka 1929 alichapisha The Poisoned Chocolates Case, riwaya ambamo wanachama sita wa klabu ya kubuni wanachunguza mauaji yale yale na kila mmoja anatoa suluhisho tofauti. Mwaka uliofuata klabu ya kweli iliundwa. Chesterton alikuwa rais wake wa kwanza hadi alipofariki mwaka 1936, akafuatwa na rafiki yake Bentley, kisha Dorothy L. Sayers mwaka 1949, na Agatha Christie kuanzia mwaka 1958 hadi kifo chake mwaka 1976. Christie alikuwa na haya ya kusema mbele ya watu, na alikubali cheo hicho kwa sharti kwamba hotuba zitolewe na mtu mwingine. Wenzake walikubali.

3.0 Kiapo na Lugha ya Masharti

3.1 Muundo wa kiapo

Mwanachama mpya aliapishwa katika hafla ya usiku iliyochanganya utisho na kichekesho. Aliweka mkono juu ya fuvu la kichwa cha mtu, ambalo wanachama waliliita Eric, na akajibu maswali ya rais kama aulizwavyo bwana harusi au mtu anayebatizwa. Kiisimu, kiapo ni tendo-usemi: maneno yenyewe, yakitamkwa na mtu anayestahili mahali panapostahili, hubadilisha hali ya msemaji. Kiapo cha klabu hii kiliyakopa maumbo ya ibada na sheria, kikayajaza mambo ya utunzi wa riwaya. Kicheko kilitokana na pengo baina ya umbo zito na maudhui mepesi.

Hata hivyo maudhui hayo hayakuwa mepesi kabisa. Mwapaji aliahidi kwamba wapelelezi wake watafumbua mafumbo kwa akili zao, bila kutegemea ufunuo wa Mungu, hisia za kike, uganga au sadfa. Aliahidi kutomficha msomaji dalili yoyote muhimu. Aliahidi kutumia kwa kiasi magenge ya wahalifu, mizuka na milango ya siri, na kuziepuka kabisa sumu zisizojulikana na sayansi. Aliahidi kuiheshimu lugha ya Kiingereza. Mwisho aliahidi kutoiba wala kufichua kisa cha mwanachama mwenzake alichokisikia kabla hakijachapishwa, awe mwenzake huyo amelewa au hakulewa. Aliyevunja kiapo aliombewa laana zinazomfaa mwandishi: wengine wamtangulie kuchapisha visa vyake, wachapishaji wamdhulumu, wageni wamshtaki kwa kashfa, kurasa zake zijae makosa ya chapa, na mauzo yake yapungue.

Ahadi ile ya kutoibiana inastahili kutazamwa kwa makini. Katika utanzu huu mali kubwa ya mwandishi ni siri. Kisa kikishajulikana, thamani yake imepungua. Watu hawa walikuwa washindani sokoni, na bado walikutana kuelezana siri hizo. Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, na klabu hii iliigeuza hekima hiyo kuwa kanuni: mshindani aliyekabidhiwa siri yako hadharani, mbele ya mashahidi, ndiye atakayeilinda.

3.2 Kanuni ya ushirikiano na uungwana wa mchezo

Mwaka 1929 Knox alikuwa amekwisha kuchapisha orodha ya kanuni kumi za hadithi ya upelelezi. Baadhi yake ni hizi: mhalifu atajwe mapema katika hadithi, mambo ya kimiujiza yasihusishwe, mpelelezi mwenyewe asiwe mhalifu, na rafiki wa mpelelezi, yule aliye mfano wa Watson, asifiche mawazo yake, na akili yake iwe chini kidogo ya akili ya msomaji wa kawaida.

Kanuni hizi zinaweza kufafanuliwa kwa nadharia ya mwanafalsafa Paul Grice, iliyochapishwa mwaka 1975. Grice alieleza kwamba wazungumzaji hufuata kanuni ya ushirikiano yenye misingi minne: idadi ya taarifa, ukweli wake, uhusiano wake na mada, na namna inavyotolewa. Uungwana wa mchezo katika riwaya ya upelelezi unaweza kuelezwa hivi: mwandishi anafungwa na msingi wa ukweli, lakini anaachiwa nafasi ya kucheza na mitatu mingine. Hana ruhusa ya kusema uongo kwa sauti ya msimulizi. Anayo ruhusa ya kuitaja dalili kubwa katikati ya vitu vidogo, kuitaja mapema mno, au kuiweka mahali ambapo msomaji anadhani mazungumzo yanahusu jambo jingine.

Mjadala uliozuka juu ya riwaya ya Christie, The Murder of Roger Ackroyd (1926), ulihusu mpaka huo. Baadhi ya wasomaji waliona wametapeliwa. Sayers aliitetea riwaya hiyo. Bila kuwaharibia utamu wale ambao hawajaisoma, tuseme tu kwamba msimulizi wake hasemi uongo. Anachofanya ni kunyamaza mahali ambapo msomaji hakutarajia kimya. Mgogoro huo ulitokea kabla klabu haijaundwa, na unaonyesha kwa nini masharti yalihitajika. Watu hawagombani juu ya uungwana wa mchezo isipokuwa wanaamini kwamba wanacheza pamoja. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulig'amua: mwandishi wa riwaya ya upelelezi hufumba akijua, na akitaka, kwamba upande wa pili yupo mwerevu.

4.0 Kuandika Pamoja

4.1 The Floating Admiral

Ushahidi mzuri zaidi wa hoja yetu ni riwaya The Floating Admiral, iliyochapishwa mwaka 1931. Wanachama 14 walishiriki, wakiwemo Christie, Sayers, Knox, Berkeley, Freeman Wills Crofts, John Rhode, na mtu na mkewe, G. D. H. na Margaret Cole. Maiti ya jemadari mstaafu wa jeshi la maji inaonekana ndani ya mashua inayoelea mtoni, na kila mwandishi anaandika sura yake kutoka pale mwenzake alipoishia, bila kuelezwa mwenzake alikuwa na nia gani.

Sayers alieleza masharti mawili katika utangulizi wake. Kwanza, kila mwandishi aandike sura yake akiwa na suluhisho kamili akilini. Haikuruhusiwa kuongeza matatizo kwa ajili tu ya kuwatesa wanaofuata. Pili, kila mmoja azishughulikie kwa uaminifu dalili zote zilizoachwa na waliomtangulia. Masuluhisho ya waandishi yalichapishwa mwishoni mwa kitabu ili msomaji ayalinganishe.

Matokeo yake yanafundisha. Ingawa walifuata kanuni zile zile na kuzisoma dalili zile zile, waandishi hawakufikia jibu moja. Ilipofika zamu ya Knox, alilazimika kuorodhesha mambo 39 yenye shaka, idadi inayoukumbusha Uingereza juu ya ibara 39 za imani ya Kanisa la Anglikana, ambalo yeye alikuwa amelihama. Berkeley, aliyepewa sura ya mwisho, aliipa kichwa chenye maana ya kusafisha vurugu iliyoachwa na wenzake. Kama kanuni za utanzu zingekuwa kinu cha kusagia nafaka, kila aliyekizungusha angepata unga ule ule. Hapa kanuni zilifanya kazi kama bahari za ushairi wetu, zinazoweka mizani na vina na kumwachia malenga aseme lake.

Mlinganisho huo na ushairi hautokani na umbo peke yake. Tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, washairi wa Kiswahili wameendesha majibizano, mmoja akitoa hoja au fumbo na mwingine akimjibu. Anayejibu hukubali kufungwa na maneno ya aliyetangulia, na ustadi wake hupimwa kwa jinsi anavyojinasua humo. Msomaji aliyelelewa na majibizano ya mashairi magazetini hatapata taabu kuuelewa mchezo wa The Floating Admiral.

4.2 Utani na mwigo wa mtindo

Mwaka 1933 klabu ilitoa Ask a Policeman. Safari hii waandishi walibadilishana wapelelezi. Sayers alimwandika Roger Sheringham, mpelelezi wa Berkeley, naye Berkeley akamwandika Lord Peter Wimsey, mpelelezi wa Sayers. Gladys Mitchell na Helen Simpson nao walibadilishana wa kwao.

Kuiga mtindo wa mwenzako kunadai usomaji wa karibu sana. Huna budi kujua anapenda sentensi za urefu gani, mhusika wake huapaje, hucheka lini, na hunukuu nini. Berkeley alizikuza tabia za Wimsey hadi zikachekesha, na kwa kufanya hivyo aliandika uhakiki wa kimtindo ambao mhakiki wa nje asingeuweza. Kwetu uhusiano huu una jina: utani. Mtani ana haki ya kukusema kwa sababu anakujua, na wewe huna haki ya kukasirika. Christie alikuwa ameuonja mchezo huu mwaka 1929 katika Partners in Crime, ambamo mume na mke wanaiga wapelelezi mashuhuri mmoja baada ya mwingine, na mwishoni hata Poirot wake mwenyewe hakusalimika.

4.3 Kusaidiana

Palikuwapo pia msaada wa kimya. Sayers aliandika The Documents in the Case (1930) pamoja na Robert Eustace, daktari, ambaye ndiye aliyeleta wazo la kisayansi la kutofautisha sumu ya uyoga ya asili na ile iliyotengenezwa maabara. Katika Have His Carcase (1932) alimshukuru John Rhode kwa kumsaidia katika mambo magumu, na humo riwayani mna barua iliyoandikwa kwa maandishi ya siri ambayo mpelelezi anaifumbua hatua kwa hatua. Busman's Honeymoon ilianza kama tamthilia aliyoiandika pamoja na rafiki yake Muriel St Clare Byrne, na ilipotoka kama riwaya mwaka 1937, ilitabarukiwa marafiki watatu, Byrne na Helen Simpson wakiwa miongoni mwao. Mhakiki anayeanza kusoma ukurasa wa kwanza wa hadithi na kuziruka tabaruku na shukrani anauacha ushahidi wa aina hii mlangoni.

5.0 Mipaka ya Urafiki

Itakuwa kosa kuisifu klabu hii bila kuonyesha mipaka yake. Uanachama ulikuwa wa mwaliko, na waandishi wa hadithi za kusisimua, zenye mbio na bunduki nyingi kuliko hoja, hawakukaribishwa hapo mwanzo. Mezani walikaa watu wa itikadi tofauti sana, Cole msoshalisti na Knox padri, lakini wengi walitoka katika tabaka lenye elimu na nafasi. Kiapo kilizidharau hisia za kike wakati wanawake walikuwa miongoni mwa nguzo za klabu. Mojawapo ya kanuni za Knox ilipiga marufuku mhusika Mchina. Ilikusudiwa kuzikejeli hadithi duni zilizomfanya kila Mchina kuwa mwovu, lakini kejeli yenyewe inatuonyesha jinsi ubaguzi ulivyokuwa umeenea katika usomaji wa wakati huo. Marafiki wanaocheka pamoja huwa na yule wanayemcheka akiwa hayupo.

Je, urafiki uliua uhakiki? Mifano miwili inaonyesha kwamba haukuua. Baina ya miaka 1933 na 1935 Sayers alikuwa mhakiki wa riwaya za upelelezi katika gazeti la Sunday Times, na alijulikana kwa ukali wake juu ya msuko dhaifu na sarufi mbovu. Ile ahadi ya kuiheshimu lugha hakuichukulia kuwa mzaha. Mfano wa pili ni Berkeley mwenyewe. Mwaka 1931, mwaka mmoja tu baada ya klabu kuundwa, alitoa riwaya Malice Aforethought kwa jina la Francis Iles. Humo msomaji anaambiwa tangu mwanzo nani amekusudia kuua. Fumbo la mwuaji ni nani limeondolewa kabisa, na taharuki inatokana na nafsi yake. Mtu aliyewakusanya wenzake kuzilinda kanuni ndiye aliyetangulia kuonyesha kwamba utanzu unaweza kuishi nje ya kanuni hizo. Hakuna aliyemfukuza.

6.0 Bwana Msa katika Mazungumzo Hayo

Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa Zanzibar, hakuwahi kukaa katika meza ya London. Lakini shauku ya Sherlock Holmes iliyowaunganisha Knox na wenzake ilimfikia naye. Bwana Msa, anayejitokeza kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana kiko chake, ana mantiki yake, na ana sahibu yake Najum. Wahakiki wameueleza uhusiano huu kwa neno moja: mwigo. Tukiutazama kwa mujibu wa hoja ya makala haya, neno hilo halitoshi.

Tuchukue kanuni ya Knox ya kuyatenga mambo ya kimiujiza. Huko Uingereza ilikuwa kanuni ya ustadi tu, kwa kuwa wasomaji wachache waliamini kwamba mzuka unaweza kuua. Abdulla aliipeleka mahali ambapo ilikuwa na jambo zito la kuamua. Majina ya vitabu vyake viwili vya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi (1968), yanaitaja imani ya mizimu na uchawi waziwazi. Bwana Msa anapoifuata hoja hadi kwa binadamu aliyetenda, kanuni ya mchezo imegeuka kuwa dhamira ya riwaya. Najum naye, anayeshangaa pale msomaji anaposhangaa, anatimiza kazi ya Watson, lakini mazungumzo yake na Bwana Msa yana ladha ya baraza la Kiunguja, ambako urafiki huonekana kwa mizaha na maswali. Huku si kunakili. Ni kujibu, kama mshairi anavyomjibu mwenzake kwa bahari ile ile.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kanuni za riwaya ya upelelezi, ambazo mara nyingi hutajwa kama dalili ya uduni wake, zilikuzwa kwa sehemu kubwa na urafiki wa waandishi waliosomana kwa makini. Urafiki huo ulizaa masharti ya uaminifu kwa msomaji, kazi za pamoja, mwigo wa kitani ulio uhakiki, na hatimaye ujasiri wa kuyavuka masharti yenyewe. Ulikuwa pia na mipaka ya kitabaka na ya kibaguzi ambayo haifai kufichwa.

Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, somo ni la kimbinu. Faraji Katalambulla, Elvis Musiba, Ben Mtobwa na wengineo wamesomwa zaidi kama watu binafsi au kama kundi la wauza vitabu. Tabaruku, dibaji, shukrani na majibizano yaliyomo katika kazi zao ni matini zinazostahili kuchambuliwa sambamba na riwaya zenyewe. Humo ndimo mtafiti ataona nani alimsoma nani, nani alimtania nani, na ni kanuni gani zilizokubaliwa kimyakimya. Utanzu ni mazungumzo, na hauwezi kuelewa mazungumzo mtu anayemsikiliza msemaji mmoja tu.